Vipimo vinavyompa mtoto mwanzo mzuri

Chota uji wa mtoto kwa kijiko, kisha kiinamishe polepole. Ukimwagika wote mara moja kama maji, hicho ni kinywaji, mlo bado hujapika. Uji wa kulisha hung'ang'ania kijikoni, hudondoka kwa mabonge, na ukiuweka kwenye sahani hauenei mpaka ukingoni. Jaribio hili halihitaji mizani wala utaalamu, lakini linafichua kosa ambalo hata mzazi mwenye chakula cha kutosha jikoni hulifanya kila siku bila kujua.

Shida iko kwenye ukubwa wa tumbo. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi hujaa kwa mililita 240 hivi, pungufu kidogo ya kikombe cha mililita 250. Nafasi hiyo ikijazwa maji, atageuza uso, atafumba mdomo, na wewe utasema ameshiba. Kweli ameshiba, ila hajala. Endelea hivyo kwa miezi michache, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki utalala, na urefu utafuata nyuma.

Upendo kwa watoto wetu tunao, tena mwingi. Tunachopungukiwa mara nyingi ni vipimo: vijiko vingapi, dakika ngapi, kwa umri gani. Hapa naandika kuhusu kipindi cha tangu mimba hadi miaka miwili, zile siku 1,000 zinazotajwa sana (takriban 270 tumboni na 730 nje), kwa sababu udumavu ukishajengeka humo, kuufidia baadaye ni mlima. Naanza na chakula badala ya mimba. Hapo ndipo wanapoteleza wengi.

Sahani ya mtoto

Vyakula vya nyongeza huanza mtoto akitimiza miezi sita, yaani siku 180. Kabla ya hapo maziwa ya mama peke yake yanatosha. Hata maji ya kunywa hayahitajiki msimu wa joto, maana sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Baada ya hapo hayatoshi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha, na mwili unadai nguvu kuliko titi linavyoweza kutoa. Mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kupata kwenye chakula takriban kalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kalori 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na kalori 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Tazama mruko huo wa mwisho. Mtoto wa miezi 14 anayepewa kile kile alichokula akiwa na miezi 8 anapata karibu theluthi tu ya kalori anazohitaji kwenye chakula, na kwa kuwa sasa anatembea, kupungua kwake husingiziwa mbio.

Wiki ya kwanza ni ya kujifunza tu: vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa laini, mara mbili kwa siku, titi likiendelea kama kawaida. Polepole panda mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu kwa siku. Akiingia miezi 9, nusu kikombe mara tatu hadi nne, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Akifika mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo. Asiyenyonya kabisa anahitaji milo zaidi pamoja na maziwa mengine. Mpe sahani yake mwenyewe. Akila kwenye sahani ya pamoja hakuna anayejua amemeza kiasi gani, na kaka mkubwa ana mkono mwepesi.

Ugumu wa chakula nao hubadilika na umri. Miezi 6 ni cha kupondwa. Miezi 8 anaweza kushika vipande laini kwa vidole. Mwaka mmoja anakula kile inachokula familia, kikiwa kimekatwakatwa. Kumsagia mtoto kila kitu kwa blenda mpaka anafikisha miezi 15 kunaonekana ni kumwonea huruma, lakini kuna dirisha la kujifunza kutafuna. Vipande vidogo visipoanza kabla ya miezi 10 hivi, kuna hatari ya kulea mtoto anayekataa kila chakula chenye punje, na hapo vita vya mezani huanza.

Namna ya kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo ni rahisi. Pika uji mzito, kisha ulainishe kwa maziwa badala ya maji. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 40, na hukioni wala hukisikii kwenye ladha. Siagi ya karanga, parachichi lililopondwa, yai lililovurugwa humo humo, samaki mkavu aliyesagwa: chochote kati ya hivyo hubadilisha bakuli. Usichanganye vyote kwa pamoja kila siku. Uji wa unga wa nafaka kumi hauna uchawi wowote kuushinda unga mmoja ulioongezwa yai na mafuta, na karanga za kwenye mchanganyiko uliokaa muda mrefu mahali penye unyevu huota ukungu wenye sumu isiyokufa kwa kupikwa. Saga kidogo, tumia, saga tena.

Madini ya chuma yanastahili mjadala wake. Yakipungua, mtoto hupungukiwa damu, hukosa hamu ya kula, na ubongo wake unaokua huathirika hata kabla weupe haujaonekana viganjani. Nyama, samaki na ini (kidogo, mara moja kwa wiki inatosha, maana lina vitamini A nyingi mno) hutoa chuma kinachofyonzwa vizuri. Chuma cha maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, ila kikiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, papai au nyanya, hali inabadilika. Chai hufanya kinyume: tanini zake hukamata chuma tumboni na kukizuia. Kwa hiyo chai ya maziwa ya asubuhi, hata ile "ya rangi kidogo tu", haina kazi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Sukari na chumvi nazo ziache. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kwenye kidole wakati wa kikohozi: inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria wa botulizimu, ambao kwenye utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia.

Na karanga, mayai, samaki? Zamani wazazi waliambiwa wavicheleweshe kuogopa mzio. Utafiti wa LEAP, uliochapishwa 2015, ulionyesha kinyume: watoto wenye hatari kubwa ya mzio waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 80 wakilinganishwa na walionyimwa. Kwa hiyo baada ya miezi sita anzisha kimoja kimoja, siku tofauti, asubuhi ili uwe macho akipata vipele au akivimba midomo. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Na karanga hapa ni siagi yake iliyolainishwa. Karanga nzima haina nafasi kinywani mwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Hiyo ni kwa sababu ya kupaliwa. Vinavyoua ni vya mviringo, vigumu au vya kuteleza: karanga, zabibu, pipi, kipande cha karoti mbichi, soseji iliyokatwa duara. Zabibu kata kwa urefu, vipande vinne. Mtoto ale akiwa amekaa, asile akikimbia wala akiwa garini. Anayekohoa kwa sauti mwache akohoe, anajisaidia mwenyewe. Anayefungua mdomo bila sauti na kuanza kubadilika rangi anahitaji mikono yako papo hapo. Wa chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, taya umelishika, kisha mpige mara tano kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Kilichomkaba hakijatoka? Mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara tano, chini kidogo ya mstari wa chuchu, ukizamisha theluthi moja ya unene wa kifua. Rudia mabega, rudia kifua. Tumbo la mtoto wa umri huo usilibonyeze, ini lake bado kubwa na halijafunikwa vizuri na mbavu. Aliyezidi mwaka anapigwa mgongoni mara tano, kisha anabinywa tumbo juu ya kitovu mara tano. Akilegea na kuzimia, anza mibonyezo 30 ya kifua na pumzi 2 huku mwingine akiita msaada. Kidole usikitumbukize mdomoni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Kabla hajazaliwa, na saa ya kwanza

Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa kuanza kabla ya kushika mimba. Anayeanza kwenye hudhurio la kliniki la mwezi wa tano amekosa kazi yake kubwa, ingawa vidonge vya chuma, miligramu 30 hadi 60 kwa siku, bado vina maana kubwa mpaka mwisho. Vikikukera tumbo, vimeze usiku pamoja na kitu kidogo, ila si na chai. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida. Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane kwa mimba nzima.

Siku ya kujifungua kuna mambo matatu ya kumwomba mkunga mapema, kabla uchungu haujakolea. Kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja, ikiwezekana mpaka tatu, ili damu iliyo kwenye kondo imfikie mtoto: humo mna chuma cha miezi kadhaa. Mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, akaushwe na kufunikwa hapo hapo. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kungoje saa 24, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi mno. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, ni machache kwa makusudi: tumbo la siku ya kwanza hupokea mililita 5 hadi 7 tu kwa mara moja. Mama anayesema "sina maziwa" siku ya kwanza mara nyingi anayo kamili.

Manjano ya macho na ngozi yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Hata yanayokuja siku ya pili au ya tatu, yakifika viganjani na nyayoni, mpeleke. Kumwanika juani si tiba, ni kuchelewa.

Titi na chupa

Kunyonyesha hakutakiwi kuuma. Kukiuma baada ya sekunde chache za mwanzo, mtoto ameshika chuchu peke yake, na kinachofuata kinatabirika: chuchu zinapasuka, mama anafupisha muda, titi halimalizwi, na maziwa yanapungua kwa sababu mwili hutengeneza kiasi kinachotolewa. Mlaze tumbo lake likiwa limegusa lako, sikio, bega na nyonga kwenye mstari mmoja, pua mkabala na chuchu. Gusisha chuchu mdomo wa juu, subiri apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi, usiinamie kumpelekea. Akishika vizuri utaona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Mashavu hayabonyei. Utasikia akimeza. Ameshika vibaya? Ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo kuachanisha, uanze upya. Kumvuta kwa nguvu ndiko kunakochana ngozi.

Mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida, usiku ukiwemo. Kama anapata ya kutosha utaona kwenye nepi: kuanzia siku ya tano au ya sita, mikojo sita au zaidi kwa siku, myepesi kwa rangi. Uzito hupungua siku za kwanza, mpaka asilimia 7 hivi bila wasiwasi. Ukifika asilimia 10 anahitaji kuangaliwa. Urudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza. Kilio peke yake si kipimo cha njaa, wala matiti kuwa laini baada ya wiki kadhaa si dalili kwamba yamekauka.

Kwa mama anayerudi kazini, maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji (nyuma kabisa, si mlangoni), na miezi 6 kwenye friza. Yakishayeyuka hayagandishwi tena. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake bila kukosa anaweza kunyonyesha, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kunyonyesha maziwa peke yake kwa miezi sita kama mama mwingine yeyote. Kuchanganya na vyakula vingine katika miezi hiyo ndiko kunakoongeza hatari.

Anayetumia maziwa ya kopo naye ana vipimo vyake, na humu ndimo panaharibika kimya kimya. Unga wa maziwa hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa, kwa hiyo maji yawe na joto la angalau nyuzi 70 yanapokutana nao: yachemshe, yaache yasizidi nusu saa. Maji yatangulie kwenye chupa mpaka alama, ndipo unga ufuate, kijiko cha ndani ya kopo kikiwa kimesawazishwa kwa kisu, bila kushindilia. Ukitanguliza unga, maji yatapungua bila wewe kujua. Kijiko cha ziada "ili ashibe" humkausha maji na kuchosha figo. Kijiko kilichopunguzwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi humkondesha. Poza chini ya bomba, jaribu kwenye kifundo cha mkono, na yaliyobaki baada ya saa mbili mwaga. Kikombe kidogo ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na mtoto mchanga anaweza kukitumia.

Jino la kwanza likitoka, mswaki huanza siku hiyo: mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele mpaka atimize miaka mitatu. Chupa ya maziwa ya kulalia nayo ndiyo hutoboa meno ya mbele ya juu.

Anapolala

Chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Godoro gumu na tambarare, hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi zito linaloweza kupanda usoni. Chumba kimoja na wazazi, lakini sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi sita. Marekani walipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilishuka kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Hofu kwamba atapaliwa na matapishi akiwa chali haina msingi: akiwa hivyo njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na anachocheua hulazimika kupanda ndipo kiingie mapafuni. Hatari kuliko zote ni kusinzia naye kwenye sofa. Ukihisi usingizi unakuzidi unaponyonyesha usiku, bora uwe kitandani palipoondolewa mito kuliko kwenye kochi.

Akiwa macho, mgeuze. Nusu saa ya kifudifudi kwa siku, ikigawanywa vipande vya dakika chache, chini ya macho yako, hujenga shingo na mabega na kuzuia kisogo kubapa.

Kadi, chanjo na homa

Kadi ya kliniki isomwe kama njia, si kama alama ya mtihani. Mtoto aliye chini kidogo lakini mstari wake unapanda sambamba na ule uliochapishwa yuko salama kuliko mnene ambaye mstari wake umekuwa bapa kwa miezi miwili. Kati ya mizani na mizani unaweza kutumia utepe: kuanzia miezi 6, pima mzingo wa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia. Chini ya sentimita 12.5 ni onyo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, nenda siku hiyo hiyo.

Chanjo zilizochelewa hazianzi upya. Unaendelea pale ulipoishia, na mafua madogo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Dozi ya pili ya surua wengi huiruka wakidhani ni marudio ya bure, kumbe dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ya pili ndiyo inayowafikia waliobaki.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu haina tiba ya nyumbani: ni hospitali, hata kama ananyonya. Kwa mkubwa zaidi, parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Na hapa soma chupa kabla ya kumimina. Kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 na nyingine yenye 250 katika mililita hizo hizo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 120, yaani mililita 5 za chupa ya kwanza, lakini chini ya 2.5 za chupa ya pili. Ukibadilisha chupa bila kubadilisha kipimo umempa mara mbili. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini asipewe kabisa.

Akikohoa, fungua nguo uangalie kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: hiyo huenda ni nimonia. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, usimalize hata kuhesabu. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea na kutoamka vizuri, kila kimoja peke yake kinatosha kukuondoa nyumbani.

Kuharisha huua kwa kukausha maji. Pakiti ya ORS (chumvichumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja, na hutumika ndani ya saa 24. Huigawi nusu ukakadiria kwa macho. Pakiti hakuna? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita moja. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kuharisha kwenyewe. Mpe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole zaidi. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (10 kwa wa chini ya miezi sita), na usiiache choo kikikauka siku ya tatu, kwani kazi yake nyingine ni kupunguza kuugua tena. Chakula kiendelee, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Maneno na mikono

Vitu vya kuchezea vya bei huniacha nikitabasamu. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, kiasi cha kutoka titini mpaka usoni kwa mama, na hicho ndicho anachotaka kutazama. Anapotoa sauti, mjibu, kisha nyamaza. Hesabu mpaka tano au zaidi, maana anahitaji muda kupanga jibu lake. Wazazi wengi huongea mfululizo na kumnyima zamu. Ukimvisha soksi, sema unachofanya. Akinyooshea kitu kidole, kitaje. Skrini kabla ya miaka miwili haisaidii, kwa kuwa haimngoji. Lugha mbili nyumbani hazimchelewishi kusema. Hesabu maneno ya zote mbili kwa pamoja.

Kutembea kunaweza kuja miezi 9 au 17 na yote yakawa sawa. Kinachohitaji kuonwa mapema: hatabasamu kukujibu akifika miezi mitatu, hageuki kwa sauti, hakai bila kushikwa akiwa amepita miezi 9, hana neno lolote kwenye mwezi wa 16, haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili. Anayepoteza alichokuwa ameshakijua, katika umri wowote, asingoje.

Kilio huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kileleni karibu wiki ya sita hadi ya nane, hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Ukishamlisha, umembadilisha, umempapasa na bado analia, na unahisi mikono inakaza, mweke chali mahali salama, toka chumbani, rudi baada ya dakika tano hadi kumi. Kulia hakumdhuru. Kumtikisa, hata kwa sekunde chache, kunapasua mishipa ya damu ndani ya kichwa. Kila anayebaki na mtoto, awe dada wa kazi, babu au shangazi, aambiwe hili waziwazi kabla hujafunga mlango.

Na mama akilia bila sababu siku chache baada ya kujifungua, hutulia yenyewe. Ikizidi wiki mbili, akakosa usingizi hata mtoto anapolala, au akasema mtoto angekuwa na nafuu bila yeye, huo ni ugonjwa unaotibika. Kliniki ya chanjo ya wiki ya sita ni mahali pazuri pa kulisema, kwa sababu tayari mnaenda. Lakini akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje tarehe, nendeni siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.